Sailensa Si Adui: Funga Ekzosi Mwenyewe, Lakini Konvata Iache Mahali Pake

Haya basi, leo nitalisema, na atakayenuna na anune: sehemu kubwa ya ekzosi za "spoti" zinazonguruma usiku katika mitaa ya Nairobi haziongezi nguvu yoyote ya maana. Zinaongeza kelele tu. Wahenga walishasema, debe tupu haliachi kuvuma.

Kabla hamjanirukia, jamani, elewaneni nami vizuri. Mimi si mmoja wa wale wanaosema gari lisiguswe na mtu ila fundi mwenye ovaroli. Kazi yangu ni kuandika programu, na mtu wa programu akiona kifuniko chenye skrubu nne mkono huanza kumwasha. Naamini kabisa kwamba mwenye gari ana haki ya kulala chini yake Jumamosi asubuhi, spana mkononi, akabadilisha bomba lake la moshi bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinachonikera ni kwamba haki hiyo nzuri tunaitumia kufanya upuuzi: tunakata sailensa, tunatupa katalitiki konvata, tunachomelea bomba tupu, halafu tunajiita wataalamu.

Kwa hiyo hoja zangu ni mbili, na naomba zisomwe pamoja. Moja, jifunze kufunga ekzosi mwenyewe nyumbani. Mbili, konvata usiiguse.

Kuna nini kule chini?

Tuchukue gari ambalo kila kijana hapa kwetu ameliota angalau mara moja: Subaru Impreza WRX yenye turbo. Moshi hutoka kwenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ukapita kwenye mabomba ya mwanzo, ukapanda hadi kwenye turbo na kuizungusha, kisha ukashuka kwa bomba la chini. Hapo hukutana na konvata, halafu bomba la katikati, halafu sailensa, ndipo utoke nje.

Ile ngurumo ya Subaru, ile inayofanya watoto waache kucheza kati na kugeuza shingo, haitoki kwenye nguvu. Inatoka kwenye mabomba ya mwanzo ambayo hayana urefu sawa. Mapigo ya moshi kutoka upande mmoja husafiri mbali zaidi kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo hufika yamepishana, na sikio linasikia "bu-bu-bu-bu". Na unajua Subaru wenyewe walifanya nini? Legacy ya mwaka 2003 ilipotoka Japani, waliipa mabomba yenye urefu sawa ili turbo ipate mapigo yaliyopangika. Ngurumo ikapotea, gari likafanya kazi vizuri zaidi. Yaani kile tunachokiabudu ni hitilafu ambayo mtengenezaji mwenyewe aliirekebisha! Sisi watu wa programu tunalijua jambo hili: hitilafu ikikaa muda mrefu, watumiaji huizoea, na siku ukiirekebisha wanakutukana.

Sauti si nguvu za farasi

Kuna imani mbili zinazopingana kule gereji, na zote zina kasoro. Ya kwanza husema injini "inahitaji mgandamizo wa nyuma", kwa hiyo usiguse chochote. Si kweli. Injini haihitaji kusukumwa kifua wakati inapumua. Inachohitaji ni moshi uende kwa kasi nzuri, kwa sababu pigo moja likikimbia vizuri huvuta linalofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi kwenye injini ndogo isiyo na turbo, kasi hiyo hupungua, na gari huwa zito kwenye mizunguko ya chini, palepale unapoihitaji kwenye foleni ya Thika Road.

Imani ya pili husema kila kitu kilicho njiani ni kizuizi, kwa hiyo kata vyote. Hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa. Kwenye Vitz au Demio ya lita 1.3, ukibadilisha sailensa peke yake utapata ongezeko dogo sana ambalo hutalihisi kwenye kiti. Utalisikia tu, na masikio yatakudanganya kwamba umelihisi. Kwenye gari la turbo faida ipo kweli, maana turbo hupenda njia pana baada yake. Lakini hapo napo kuna mtego: ukifungua njia ghafla bila kuirekebisha programu ya kompyuta ya injini, msukumo wa turbo unaweza kupanda kupita kiwango ambacho hesabu za petroli zilipangiwa. Ukiwa na bahati, kompyuta itaona na kukata petroli, gari lishtuke kama limegonga ukuta. Usipokuwa na bahati, injini itapata hewa nyingi na petroli kidogo, pistoni ziyeyuke. Injini mpya haiuzwi kwa bei ya bomba.

Mnapenda kunikumbusha Safari Rally. Sawa, twende huko. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza pia. Magari ya daraja lile yaliwekewa mipaka ya nguvu kwa tundu la milimita 34 ambalo hewa yote ya turbo ililazimika kupitia. Kwenye kuingilia, si kwenye kutokea. Waliotunga sheria za mashindano walijua nguvu ya injini inahesabiwa wapi: ni kwa hewa na petroli unayoweza kuingiza na kuichoma vizuri, wala si kwa makelele unayotoa nyuma.

Fundi anayekukatia bure

Sasa tuje kwenye konvata, maana hapa ndipo penye wizi.

Ndani ya kile chombo kuna sega kama la nyuki, lililopakwa madini matatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, nyuzi 250 hadi 300 hivi kwenda juu, sumu tatu hubadilishwa. Kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba, huwa kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua huwa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni, hewa ya kawaida tunayovuta kila siku. Hakuna umeme wala kitu kinachozunguka. Ni kemia tu, inafanya kazi kimyakimya kwa miaka.

Madini hayo ni ghali. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 25,000. Ndani ya konvata moja kuna kiasi kidogo sana, lakini kinatosha kuwa na mnunuzi.

Basi fikiria. Unaenda gereji, fundi anakwambia, "Boss, hiki kitu kinanyima gari pumzi. Nitakutolea, sitakulipisha hata kitu." Unafurahi! Mtu amekufanyia kazi ya saa nzima bure, akachoma gesi yake na waya wake wa kuchomelea. Hujajiuliza kwa nini. Ni kama mchinjaji anayekuchinjia mbuzi bure, kisha anabaki na nyama, nawe unaondoka na ngozi ukimshukuru.

Simaanishi mafundi wote. Wako wa jua kali ambao mikono yao inashinda mashine, na wakikushauri wanakushauri kwa haki. Lakini fundi yeyote anayetaka kutoa konvata, mwambie neno moja tu: "Sawa, toa, ila ile ya zamani nibebee kwenye buti." Utashangaa jinsi bei itakavyobadilika.

Mjumbe hauawi

Ukishatoa konvata, kwenye magari mengi taa ya injini itawaka na namba ya hitilafu itakuwa P0420. Maana yake ni rahisi. Kuna kihisi cha oksijeni mbele ya konvata na kingine nyuma yake. Cha mbele husoma moshi mbichi, cha nyuma husoma moshi uliosafishwa. Konvata ikiwa nzima, cha nyuma hutulia. Ikiwa imekufa au haipo, cha nyuma huanza kurukaruka kama cha mbele, na kompyuta hujua.

Fundi wa mjini ana dawa: anaweka kipande cha chuma kukisogeza kihisi mbali na moshi, au anaingia kwenye programu ya gari na kuizima hiyo namba. Taa imezimika, mteja ameridhika.

Ndugu zangu waandishi wa programu, nisaidieni hapa. Mtu akiwa na jaribio linaloshindwa kwenye programu yake, na badala ya kurekebisha kosa akafuta jaribio, tunamwitaje? Tungemfukuza kazi! Lakini kwenye gari tunamlipa na kumpa soda.

Halafu kuna wale wanaosema, "Langu nilitoa na taa haikuwaka, kwa hiyo haina shida." Baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani, hasa ya miaka ya nyuma, hayana kihisi cha pili kabisa. Taa haiwaki kwa sababu hakuna anayepima. Programu isiyo na majaribio nayo huwa haifeli jaribio hata moja.

"Lakini imeziba!"

Hili ni jibu la haki na nitaliheshimu. Konvata huziba kweli. Lakini haizibi kwa uzee tu. Kwa kawaida huuawa na ugonjwa wa injini: oili inayoungua, au plagi isiyowasha vizuri mpaka petroli mbichi ikaungulia ndani ya sega na kuliyeyusha. Ukikata konvata ukaiacha injini inavyougua, umetupa kipimajoto na homa bado iko.

Tena siku hizi huna sababu ya kukisia. Kwa gari linalotumia itifaki ya OBD-II, kifaa kidogo chenye chipu ya ELM327 na simu yako vinatosha kusoma vihisi vyote viwili moja kwa moja. Kwa Subaru nyingi za Japani za zamani itifaki ni tofauti, lakini zipo programu za wazi zinazoielewa. RomRaider, kwa mfano, imeandikwa kwa Java, msimbo wake uko wazi, na inasoma kumbukumbu za kompyuta ya injini ya Subaru hadi hesabu za petroli na msukumo wa turbo. Watu wameifungua kompyuta hiyo jedwali kwa jedwali na kugawa matokeo bure. Huo ndio uchezeaji ninaoupigania: kupima, kuelewa, ndipo kubadilisha.

Tulisafisha petroli kwa ajili ya nini?

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Zamani petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na pia huifunika konvata isifanye kazi tena. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zikawa zimeacha kuiuza. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Gigiri, ndilo lililosimamia kampeni hiyo mpaka Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilipoacha mwaka 2021.

Sasa tazama tulivyo. Tumesafisha mafuta ili konvata ziweze kufanya kazi. Tunaagiza magari ya Japani, yasiyozidi miaka minane, kutoka nchi ambako gari hukaguliwa, moshi ukiwemo, kwanza baada ya miaka 3 kisha kila baada ya miaka 2. Linashuka Mombasa likiwa na konvata nzima. Na jambo la kwanza tunalofanya likifika Nairobi ni kulikata! Anayevuta moshi huo si wewe uliyepandisha vioo. Ni mama anayeuza mahindi choma kwenye kona, ni kondakta anayening'inia mlangoni, ni mtoto anayevuka kwenda shule, ambaye pua yake iko sawasawa na kimo cha bomba lako.

"Ni gari langu"

Ndiyo, gari ni lako. Hewa si yako, wala usingizi wa jirani si wako. Desibeli huhesabiwa kwa logi: ukiongeza 10, nishati ya sauti imezidishwa mara 10, na sikio husikia kama kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye kipimo ni kubwa kwenye chumba cha mtoto mchanga saa saba usiku. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima.

"Mbona matatu?" Matatu nazo zina makosa, na siku nyingine nitaziandikia zake. Kosa la jirani halijawahi kuwa leseni.

Na nyinyi mnaopenda magari kama mimi, fikirini mbele kidogo. Kila mtaa ukikosa usingizi, siku moja mwenye mamlaka atachoka, na hatatofautisha kijana mwenye sailensa nzuri na yule mwenye bomba tupu. Atapiga marufuku yote. Japani hawakusubiri wafike hapo: kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010, sailensa ya kubadilisha lazima iwe imethibitishwa. California nako mpaka wa gari dogo ni desibeli 95 kwa kipimo maalumu. Huko kote watu bado wanabadilisha ekzosi na kufurahia magari yao.

Sasa ifanye vizuri

Sitaki kulalamika tu. Badilisha sehemu iliyo nyuma ya konvata, yaani bomba la katikati na sailensa, au sailensa peke yake. Kwenye Impreza nyingi za miaka ya 2000 sailensa ya nyuma hushikwa kwa bolti mbili zenye springi na raba za kuning'inizia. Ni kazi ya asubuhi moja.

1. Fanyia kazi nje, mahali palipo sawa, injini ikiwa baridi kabisa. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika mbili.
2. Zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki, kisha liegemeze gari kwenye stendi za chuma. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Hapa hakuna mjadala.
3. Nati zimeshika kutu, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Ukilazimisha kwa nguvu utakata bolti.
4. Raba zipake maji ya sabuni, zitateleza. Usizipake petroli wala oili, zitavimba na kuharibika.
5. Weka gasketi mpya. Ya zamani imeshalala, haitaziba tena.
6. Ning'iniza kila kitu kwanza, kaza kidogo, panga bomba lisiguse bampa wala mabomba ya petroli na breki, ndipo ukaze kabisa.
7. Washa usikilize. Mlio wa "tiki-tiki" ni uvujaji. Uvujaji ulio mbele ya kihisi cha oksijeni huingiza hewa ya nje, kompyuta ikadhani petroli ni kidogo ikaongeza, nawe ukalia kituoni.
8. Pima kelele kwa simu kabla na baada, umesimama palepale, injini kwenye mizunguko ileile. Simu si kipimo cha maabara, lakini tofauti itakuonyesha.

Ukimaliza utakuwa na gari lenye sauti nzito ya kupendeza, konvata nzima, na mikono michafu yenye fahari. Pesa ya ufundi imebaki mfukoni. La maana zaidi, utakuwa unajua kilicho chini ya gari lako, na anayejua hakatiwi bure.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kingine chochote, inama uchungulie chini ya gari lako. Kama lilinunuliwa mkononi mwa mtu, hakikisha konvata bado ipo. Kama haipo, sasa unajua nani alikula mbuzi wako.

Naomba kutoa hoja.